Siku nne kwa tanga, kutoka Mtwapa hadi Wasini

Kwa miaka mingi nimekaa jioni Mama Ngina, ufukweni mwa Mombasa, mhogo wa kukaanga mkononi, nikitazama meli zikiingia bandari ya Kilindini. Mji wangu niliujua kutoka nchi kavu tu. Februari iliyopita mimi na wenzangu watano (wawili wa Mji wa Kale, mmoja wa Likoni, wawili walioshuka kutoka Nairobi) tulikodi mashua ya tanga, tukashuka nayo pwani kwa siku nne. Naeleza tulivyopanga, maana mpango ndio uliotulisha vizuri na kutuonyesha tuliyoyaona.

Mpango wa kwanza ulikuwa mbaya. Tulikuwa tumepatana na mwenye chombo mmoja atupeleke kisiwa cha Wasini, kusini, na kuturudisha, kwa tanga, ndani ya siku hizo nne, na nusu ya fedha tulishampa. Ndipo rafiki yangu wa Kibokoni akanipeleka kwa ami yake, nahodha aliyestaafu. Tulimkuta barazani na kikombe cha kahawa tungu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza, "Mwarudi na upepo gani?"

Sikuwa na jibu. Akatueleza taratibu: kuanzia Desemba hadi Machi hivi huvuma kaskazi, na kaskazi humsukuma mtu kusini. Kushuka Wasini ni raha. Kupanda kurudi Mombasa ni kupiga bisho mchana kutwa, chombo kinakwenda upande huu na upande ule, na jioni mnaona mnazi ule ule mliouona asubuhi. "Nendeni na kaskazi, wanangu, mrudi na matatu," akasema.

Tukavunja mapatano. Fedha hazikurudi zote, na hilo liliniuma. Mzee akatuunganisha na nahodha mwingine, mwenye mashua ya mabaharia wawili, injini ndogo ya dharura na jaketi okozi za kutosha, ambazo tulizihesabu moja moja kabla ya kulipa. Kila mmoja wetu alitoa shilingi 14,500, chakula ndani yake.

Nahodha huyu hakutuuliza tunataka kuondoka tarehe ngapi. Alituambia tusubiri mwezi mpevu. Wakati wa mwezi mpevu na mwezi mwandamo kuna bamvua, na hapa kwetu bamvua ikishika, kati ya maji kujaa na maji kupwa tofauti hufika karibu mita 4. Siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Ukishashika hesabu hiyo, unajua utaingia bandarini saa ngapi, utatembea juu ya mwamba saa ngapi, na utapika saa ngapi.

Siku ya kwanza asubuhi, maji yamekupwa, tulitembelea Jumba la Mtwana, karibu na mlango wa mkono wa bahari wa Mtwapa. Ni magofu ya mji wa Waswahili wa karne ya 14, uliohamwa katika karne iliyofuata. Msikiti wake mkubwa uko ufukweni kabisa, mawimbi yanasikika ukiwa umesimama kwenye kibla. Karibu nao kuna kaburi lenye maandishi ya Qurani, kwamba kila nafsi itaonja mauti. Tulikaa pale kimya kwa muda chini ya mibuyu. Kiamsha kinywa kilikuwa mahamri na mbaazi za nazi tulizobeba kutoka nyumbani kwa shangazi yangu, na hata baridi zilikuwa tamu.

Saa saba tuliweka tanga. Baada ya saa mbili na nusu, Nyali ikawa imepita kuliani, na maji yaliyokuwa yakijaa yakatuvuta ndani ya mlango wa bandari ya kale. Hapo nahodha akaniita: "Ndoo huku mbele uone."

Ngome ya Yesu nimeingia mara nyingi tangu darasa la tano. Kutoka ndani ni ua, mizinga na kuta. Kutoka majini ni kitu kingine. Ukuta unaota moja kwa moja kutoka kwenye mwamba wa matumbawe, huoni jiwe la mtu linapoanzia na jiwe la Mungu linapoishia. Wareno waliianza mwaka 1593 kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na ukiwa chini yake ndani ya chombo cha mbao unaelewa kwa nini Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 na hawakuichukua hadi Desemba 1698. Tulipita karibu na mahali ilipozama merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, mwaka 1697, ilipokuja kuwasaidia waliozingirwa. Vitu vilivyotolewa na wapiga mbizi viko katika makumbusho ya ngome, na mimi nilikuwa nimevitazama kupitia kioo bila kufikiri kwamba bahari yenyewe iko hatua chache nyuma ya ukuta. Baada ya ngome zikafuata nyumba za Mji wa Kale, roshani zake zimeelekea majini. Uso wa mji ule uko huko. Sisi wa nchi kavu tunaingilia mgongoni.

Usiku ule tulikula mjini, na hapa natoa ushauri kwa moyo wote: ukiwa na alfajiri ya bahari mbele yako, usile biriani. Wenzetu wa Nairobi walikula, sahani zilizojaa, na siwalaumu. Mimi nilifuata agizo la nahodha. Nilikula mikate miwili ya mofa iliyotoka tanuuni, ngozi yake imekauka na ndani ingali na mvuke, pamoja na supu ya pweza yenye ndimu. Kisha kahawa tungu na kipande cha halwa. Tukapita vichochoro hadi Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa ulijengwa 1570, mwezi umeukalia mnara wake mnene, na tukarudi chomboni kulala.

Tulitoka kabla ya saa kumi na mbili alfajiri, maji yakianza kutoka, umande ukivuma kutoka nchi kavu. Tulipopita mbele ya Mama Ngina niliiona mibuyu, na mabenchi matupu ninakokaa. Nilisikia kitu kooni. Kisha tukatoka nje ya mwamba, bahari ikainuka, na biriani ikadai haki yake. Mmoja alitapika mara tatu. Baharia alimkalisha katikati ya chombo, akamwambia atazame mstari wa nchi, akampa tangawizi mbichi atafune. Alipofika usawa wa Diani alikuwa anacheka tena.

Gazi tulifika saa tano, kama kilomita 40 kusini, na kama nahodha alivyojua, maji yalikuwa yamekupwa kabisa. Hakuna njia ya kuingia ghubani. Tukatia nanga nje tusubiri, na kusubiri huko ndiko kulikotupa chakula bora cha safari nzima.

Njiani tulikuwa tumenunua changu wanne kutoka kwa wavuvi wa mtumbwi, macho yao bado mang'avu. Baharia mdogo alikuwa na jiko la makaa lililokaa ndani ya sanduku la mchanga. Aliwapasua samaki mgongoni, akawafungua kama kitabu, akawapaka thomu, tangawizi, chumvi na ndimu, kisha akawaweka juani juu ya ubao, "wakaze nyama," alisema. Wakati huo mimi nilikuna nazi mbili kwenye mbuzi, nikakamua tui la kasimile bila kuongeza maji. Yeye akalichemsha na bizari, ukwaju na pilipili mbichi, akikoroga bila kusimama mpaka likawa zito na kushika mwiko. Samaki walichomwa kwanza wakavu, nusu ya kuiva. Kisha kupaka kukaanza: upande huu, geuza, upande ule, geuza, kwa kichane cha makumbi ya nazi. Kila tone lililoanguka kwenye makaa lilipanda na moshi na kurudi kwenye samaki. Alipaka mara tano, nilihesabu. Mwishoni tui lilikuwa limekuwa ngozi ya rangi ya dhahabu yenye madoa meusi. Tulikula kwa mkono, sinia moja, wali uliopikwa tangu alfajiri. Nimekula samaki wa kupaka kwenye hoteli za vitambaa vyeupe, na nasema wazi hawafiki hapo. Yale makaa na ile saa ya kungoja maji havinunuliwi.

Saa nane maji yalituingiza. Gazi tulitembea kwenye daraja la mbao la akina mama, katikati ya mikoko. Kijiji hiki pamoja na Makongeni wanailinda mikoko yao chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, na fedha zinazolipwa kwa hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko hiyo huingia kwenye maji na shule. Mama aliyetuongoza alijua kila mti kwa jina: mkoko, muia, mchu.

Siku ya tatu tulifika Wasini asubuhi na mapema, tukapumzika mpaka karibu saa sita, maji yalipokupwa. Kisiwa hakina gari hata moja. Akina mama wa kijiji wana njia yao ya mbao juu ya matumbawe ya kale, majabali meusi yaliyochongwa na bahari. Huko mchana tulikula kaa wa nazi, tukivunja magamba kwa jiwe, mikono yote imelowa mchuzi, hakuna aliyeongea. Asubuhi ya nne, kwenye hifadhi ya bahari ya Kisite, pomboo walituzunguka labda robo saa, kisha wakaenda zao.

Nahodha tulimwachia Shimoni, bara ng'ambo ya Wasini, nazi, thomu na mkaa uliobaki. Yeye angerudi taratibu usiku, kwa injini, upepo ukilala. Sisi tukapanda matatu hadi Ukunda, kisha Likoni. Kwenye feri wenzangu walikimbilia mbele kama kawaida ya watu wote. Mimi nilisimama upande wa bahari. Kule mlangoni mashua moja ilikuwa inatoka, tanga limejaa, na nikaangalia saa: saa kumi na moja na nusu, maji bado yanajaa. Nikajua itasumbuka kidogo mpaka ipite mwamba.