Umeme ukirudi, nodi ipi iwashwe kwanza?

Chukua klasta ya kawaida ya programu za Java, yaani kundi la mashine (nodi) zinazofanya kazi pamoja: nodi tatu za hifadhidata ya MariaDB Galera chini, seva mbili za programu za WildFly juu yake, HAProxy inayogawa maombi ya watumiaji mbele. Nodi moja ikizimwa na kuwashwa, mambo yanaendelea. Kazi ngumu ni pale umeme unapokatika na mashine zote kuanguka kwa mpigo, kisha zikawaka zenyewe usiku bila mtu.

Anza na Galera, maana kila kitu kinaitegemea. Nodi iliyofungwa vizuri ya mwisho huandikiwa `safe_to_bootstrap: 1` ndani ya `/var/lib/mysql/grastate.dat`. Ndiyo yenye data mpya kuliko wenzake, na ndiyo ya kuwashwa kwanza. Umeme ukikatika ghafla, zote tatu hubaki na 0, na `seqno` (namba ya muamala wa mwisho) inasoma -1. Hiyo -1 isikutishe: data haijapotea, ila nodi haikuwahi kuandika namba yake.

Jaribu kwanza kuziwasha zote tatu kwa wakati mmoja. Galera huhifadhi orodha ya wanachama kwenye `gvwstate.dat`, na wote wakirudi pamoja inaweza kujiunga yenyewe. Kwa kawaida nodi huwangoja wenzake sekunde 30 tu. Hapa ndipo skripti nyingi za uwashaji zinapoharibu: zinawasha nodi ya kwanza na kungoja imalize ndipo ziguse ya pili, ilhali ya kwanza nayo inaingoja ya pili. Muda unaisha, inajifunga, na skripti inasimama hapo.

Ikishindikana, simamisha MariaDB kwenye nodi zote, kisha kwa kila moja endesha:

    sudo -u mysql mariadbd --wsrep-recover

Kwenye logi tafuta mstari wa `Recovered position`: kitambulisho kirefu, nukta mbili, namba. Vitambulisho vifanane; mwenye namba kubwa ndiye anayeanza. Kwenye nodi hiyo peke yake weka `safe_to_bootstrap: 1`, endesha `galera_new_cluster`, hakikisha `wsrep_cluster_status` ni `Primary`. Nyingine ziwashe kwa `systemctl start mariadb`, moja moja, ukingoja `wsrep_local_state_comment` isome `Synced`, kwa sababu nodi iliyoachwa nyuma sana huomba nakala nzima ya data kutoka kwa mwenzake. Nakala hiyo ikiwa kubwa, kagua `TimeoutStartSec`, muda wa juu ambao huduma inapewa kuwaka: kikomo cha kawaida cha systemd (programu ya Linux inayowasha huduma) ni sekunde 90.

Usiendeshe `galera_new_cluster` kwenye nodi mbili. Utapata klasta mbili zinazopokea maandishi tofauti, na baadaye itabidi utupe data ya upande mmoja.

Sasa WildFly. Wengi huandika `After=mariadb.service` kwenye faili la huduma na kuamini wamemaliza. Systemd inajua mashine yake tu. Hifadhidata ikiwa kwenye mashine nyingine, mstari huo haufanyi chochote. Hata zikiwa mashine moja, `After` hupanga zamu bila kulazimisha huduma ile iwashwe, na `Requires` huilazimisha bila kupanga zamu. Unahitaji zote mbili.

Hifadhidata isipokuwa tayari, WildFly haifi. Programu inayotumia Hibernate (maktaba ya Java ya kuzungumza na hifadhidata) hushindwa kupakiwa, logi inaandika kwamba seva imewaka ikiwa na makosa, lakini prosesi inabaki hai. Systemd inaona kijani, kwa hiyo `Restart=on-failure` haitafanya kazi. HAProxy inayopima kama pota (mlango wa mtandao) 8080 imefunguka tu nayo inaridhika, na watumiaji wanapelekwa kwenye 404. Kwa maoni yangu hili ni baya kuliko seva iliyokufa kabisa, kwa sababu hakuna kengele inayolia.

Weka kizuizi kabla ya WildFly, kwa `ExecStartPre` inayoita skripti hii:

    until mariadb -h db1 -e "SHOW STATUS LIKE 'wsrep_ready'" | grep -qw ON
    do sleep 2; done

Kupima kwa `nc` kama pota 3306 ya MariaDB imefunguka hakutoshi. Nodi ya Galera iliyotengwa na wenzake huendelea kufungua pota hiyo, lakini ukiiuliza data inakujibu kosa 1047. Kumbuka pia kuwa muda wa `ExecStartPre` unahesabiwa ndani ya `TimeoutStartSec`. Upandishe, kwa mfano hadi 900. Huduma nyingine zinazokufa zikikosa hifadhidata zipe `RestartSec=10`. Bila hivyo systemd inajaribu tena kila milisekunde 100, inafikisha mara tano ndani ya sekunde 10, kisha inakata tamaa kabla Galera haijaamka.

Upande wa HAProxy, pima kwa `option httpchk` ukurasa wa programu yenyewe. Ukurasa huo usiulize hifadhidata kila mara, la sivyo Galera ikiyumba kidogo WildFly zote zitaondolewa pamoja.

WildFly mbili zikiwaka kwa sekunde ileile, kila moja inaweza kujiona kiongozi hadi JGroups (sehemu ya WildFly inayoziwezesha kuwasiliana) iziunganishe. Kazi ya kuendeshwa na nodi moja tu, kama kutuma ankara, inaweza kwenda mara mbili. Sera yake ya singleton (ya kazi ya nodi moja) ipe `quorum`, yaani idadi ya chini ya nodi zinazohitajika, ya 2, ukikubali kwamba nodi moja ikibaki peke yake kazi hiyo itasimama.

Unapojaribu haya yote, usitumie `shutdown`. Hiyo inaipa Galera nafasi ya kuandika `seqno` na jaribio linapita bila kupima kitu. Kwenye KVM (mashine pepe za Linux) tumia `virsh destroy` kwa mashine zote ndani ya sekunde chache. Haifuti diski, inakata umeme tu.