Shahada ya biashara inapoisha: masomo yanapoungana na yanapovunjika

Anayemaliza shahada ya biashara hutoka na makumi ya kozi, kila moja na madesa yake, mtihani wake na mhadhiri aliyeamini kwamba kozi yake ndiyo nguzo ya nyingine zote. Mpangilio huo unaifaa ratiba ya chuo, ila biashara yenyewe haina mihula. Bei anayoipanga mtu wa masoko huingia kwenye leja, hubadilisha kiasi cha mzigo bohari, na baada ya wiki chache huonekana benki kama fedha iliyopo au isiyokuwepo. Viungo hivyo kati ya kozi na kozi havina mtihani wake, nasi tunaomaliza tunagundua kwamba ndivyo vinavyoulizwa kwenye usaili. Njia rahisi ya kuvishika ni kuchukua bidhaa moja na kuipitisha kozi baada ya kozi.

Faida ipo, fedha haipo

Chukua biashara inayonunua bidhaa 1,000 kwa 300 kila moja, kwa fedha taslimu, na kuziuza zote ndani ya mwezi kwa 400, lakini kwa mkopo wa siku 60. Pango na mishahara ni 40,000 kwa mwezi. Taarifa ya mapato inasema: mauzo 400,000, gharama ya mauzo 300,000, matumizi 40,000, faida 60,000. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapata alama zote. Benki, hata hivyo, zimetoka 340,000 na haijaingia hata senti.

Mwezi wa pili mauzo yakipanda hadi bidhaa 1,300, faida ya mwezi huo inafika 90,000 na jumla ya miezi miwili ni 150,000. Fedha iliyokwisha toka ni 770,000. Biashara inakua, vitabu vinapendeza, na mwenye nyumba anagonga mlango. Hapa ndipo kozi ya uhasibu na kozi ya fedha zinapokutana, na wengi hufika mwaka wa mwisho wakidhani ni kitu kimoja.

Kipimo cha kuangalia ni mzunguko wa fedha: siku ambazo mzigo unakaa bohari, jumlisha siku ambazo wadaiwa huchukua kulipa, toa siku ulizopewa na wasambazaji. Mzigo ukikaa siku 45, wateja wakilipa baada ya 60, na wewe ukipewa 30, fedha yako imefungwa kwa siku 75. Siku hizo 75 lazima mtu azigharamie, ama mtaji wako au benki. Kosa la kawaida katika hesabu hii ni kutumia kigawanyo kimoja kwa vyote. Siku za mzigo hupatikana kwa kugawa wastani wa mzigo kwa gharama ya mauzo, kisha kuzidisha kwa 365. Siku za wadaiwa hupatikana kwa kugawa madeni ya wateja kwa mauzo ya mkopo, kisha kuzidisha kwa 365. Ukitumia mauzo kote, siku za mzigo zitaonekana chache kuliko zilivyo, kwa sababu mauzo yamebeba faida ndani yake.

Kuhusu urari, yaani orodha ya salio za akaunti zote: mfumo wa kuandika kila muamala pande mbili ulichapishwa na Luca Pacioli mjini Venice mwaka 1494, na mpaka leo wanafunzi wanauamini kupita kiasi. Urari ukilingana, maana yake ni kwamba debiti na krediti zina jumla sawa, basi. Muamala uliosahaulika pande zote mbili hauonekani. Ukarabati wa mashine ulioandikwa kama mali ya kudumu hauonekani pia, na unaikuza faida ya mwaka huu bila haki. Usipolingana, anza na tofauti yenyewe: ikigawanyika kwa 9 bila baki, shuku tarakimu zilizopinduliwa, kama 540 iliyoandikwa 450. Ikiwa ni namba shufwa, tafuta muamala wenye thamani ya nusu yake; huenda umeandikwa upande usio wake.

Punguzo la bei lina bili yake

Turudi kwenye bidhaa ileile. Kila moja inachangia 100 kwenye gharama za kudumu, yaani 400 toa 300. Gharama za kudumu, yaani pango na mishahara, ni 40,000, kwa hiyo zikiuzwa bidhaa 400 biashara haipati wala haikosi. Sasa timu ya masoko inapendekeza punguzo la asilimia 10. Darasani pendekezo hilo hupigiwa makofi.

Bei inakuwa 360, mchango unashuka hadi 60. Asilimia 10 ya bei imekula asilimia 40 ya mchango. Kiwango cha kutopata wala kukosa kinapanda kutoka bidhaa 400 hadi 667. Na kama unataka faida ileile ya 60,000 uliyokuwa unaipata kwa kuuza 1,000, sasa unahitaji kuuza 1,667. Hizo 1,667 lazima zinunuliwe kwanza, kwa fedha taslimu, nazo zinagharimu zaidi kidogo ya 500,000 badala ya 300,000. Punguzo lililoanza kama wazo la masoko limekuwa ombi la mkopo benki. Ripoti ya masoko isiyo na mstari huu mmoja haijakamilika, hata kama mabango yake ni mazuri.

Hesabu hii nayo huharibika kwa njia zinazojulikana. Umeme na simu huwekwa upande mmoja wakati zina sehemu ya kudumu na sehemu inayopanda na uzalishaji. Gharama za kudumu huchukuliwa kuwa za kudumu milele, ilhali ukivuka uwezo wa bohari utakodi la pili na hesabu yote ianze upya.

Thamani ya sasa, na mtego wa Excel

Mashine inauzwa 1,000,000 na italeta 400,000 kila mwaka kwa miaka mitatu. Kwa kipimo cha muda wa kurudisha mtaji, inajilipa ndani ya miaka miwili na nusu, ukigawa mapato sawasawa ndani ya mwaka. Inaonekana nzuri. Rudisha mapato hayo kwenye thamani ya leo kwa kiwango cha asilimia 10 kwa mwaka: 363,636, kisha 330,579, kisha 300,526. Jumla 994,741. Umepoteza 5,259. Kwa asilimia 9 unapata faida ya takribani 12,500. Uamuzi wote umesimama juu ya pointi moja ya asilimia, kwa hiyo sehemu ya kutetea kwenye ripoti ni jinsi ulivyoipata asilimia yako. Fomula yenyewe Excel inaijua.

Au tuseme inaijua kwa namna yake. Fomula ya NPV (thamani halisi ya sasa) huhesabu namba ya kwanza kwenye safu kana kwamba inatokea mwisho wa mwaka wa kwanza. Ukiingiza ile milioni moja ndani ya safu, nayo itapunguzwa thamani, na jibu litatoka hasi 4,781 badala ya hasi 5,259. Weka miaka mitatu tu ndani ya fomula, kisha utoe gharama ya leo nje yake. Kosa jingine ni kutoa uchakavu, yaani thamani ambayo mashine hupoteza kila mwaka, kama vile ni fedha inayotoka. Uchakavu hauna risiti. Unaingia tu pale unapopunguza kodi.

Na maadamu tuko kwenye Excel: VLOOKUP, fomula ya kutafuta thamani ndani ya jedwali, isipopewa kigezo cha mwisho hutafuta jibu la kukaribia, na huweza kukupa jibu lisilo sahihi bila onyo lolote. Andika FALSE kila mara. Tarehe zilizoingia kama maandishi hazipangiki wala hazijumlishiki. Ziangalie zikiwa zimelala upande wa kushoto wa seli.

Utafiti wa mwisho

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, kwa sababu watu huanza na kichwa cha habari badala ya jedwali. Utaratibu unaookoa wiki nyingi ni kuchora kwanza majedwali matupu ya sura ya matokeo: safu gani, mistari gani, ulinganisho upi. Kila swali la hojaji lazima liwe na seli yake humo. Swali lisilo na seli lifutwe. Hojaji ya kurasa sita mara nyingi hubaki mbili, na watu wanaijibu mpaka mwisho.

Ukubwa wa sampuli wengi huupata kwa fomula ya Yamane: idadi ya watu wote, igawanye kwa 1 jumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa linalokubalika. Watu 400 na kosa la asilimia 5: 400 gawanya kwa 2, yaani 200. Fomula ni nyepesi na ndiyo maana inatumika vibaya. Inadai ujue idadi ya watu wote, na inadai uwachague kwa bahati nasibu. Ukisambaza kiungo kwenye makundi ya marafiki, zile 200 ni namba tu. Usiandike kwamba kosa lako ni asilimia 5. Andika ulichofanya, mtahini atakuheshimu zaidi. Halafu kumbuka wasiorudisha: ukitarajia asilimia 70 wajibu, sambaza 286.

Maswali ya kukubali na kukataa kwa ngazi tano yanatokana na kazi ya Rensis Likert ya mwaka 1932, na kipimo cha uthabiti wake, alfa ya Cronbach, ni cha 1951. Kikomo kinachozoeleka ni 0.70. Alfa ikitoka 0.3, usikimbilie kufuta maswali. Mara nyingi kuna swali moja au mawili yaliyoulizwa kinyume, kama “huduma hii hunichosha”, ambayo hayakugeuzwa alama kabla ya hesabu: 5 iwe 1, 4 iwe 2. Geuza, pima tena. Ijaribu hojaji kwa watu 10 hadi 15 kabla ya kuisambaza, na umwombe kila mmoja akueleze swali kwa maneno yake. Swali linaloelezwa kwa namna tatu tofauti limeshindwa.

Na sura ya hitimisho isidai kwamba A imesababisha B kama ulichopima ni vitu viwili vinavyopanda pamoja siku moja ya hojaji. Matangazo na faida vikipanda pamoja, kumbuka kwamba biashara zenye faida ndizo zenye uwezo wa kutangaza. Mshale unaweza kuelekea upande wowote.

SWOT na ndugu zake

SWOT ni jedwali la nguvu, udhaifu, fursa na vitisho vya kampuni. Nitakuwa mfupi kwa sababu zana hizi zimepewa nafasi kubwa kuliko zinavyostahili. Jaribio ni moja: sentensi ikiweza kuhamishiwa kampuni yoyote bila kubadilishwa neno, ifutwe. “Wafanyakazi wenye ari” inaondoka. “Tunafikisha mzigo kwa siku mbili, mshindani wetu mkuu kwa tano” inabaki. Nguvu tano za ushindani za Michael Porter, alizozitoa mwaka 1979, hupima kama sekta nzima ina nafasi ya faida. Kuzijaza kwa kampuni moja, kama tunavyofanya karibu wote, ni kujibu swali ambalo zana haikuuliza.

Kazi za vikundi zinahitaji neno moja zaidi ya malalamiko. Max Ringelmann alichapisha mwaka 1913 majaribio ya watu kuvuta kamba, na ilionekana kwamba kila mtu hupunguza nguvu kundi linapoongezeka. Dawa ni kuandika jina la mtu mmoja mbele ya kila sehemu, na kumpa mtu mmoja siku mbili za mwisho kupatanisha namba. Pasipo huyo, mauzo ya slaidi ya nne hayatalingana na jedwali la slaidi ya tisa, na swali la kwanza la jopo litatoka hapo.

GPA na makaratasi ya mwisho

GPA ni wastani wa alama wenye uzito wa krediti za kozi, na uzito hauna huruma. Ukiwa umemaliza krediti 90 kati ya 120 kwa 3.2, kisha ukapata 4.0 tupu kwenye 30 zilizobaki, unaishia 3.4. Kwa hiyo piga hesabu hii mwanzoni mwa mwaka wa mwisho. Kama kuna daraja unaloweza kulifikia, kimbiza kozi zenye krediti nyingi kwanza. Kama hakuna, nguvu hizo zinafaa zaidi kwenye utafiti na kitu cha kumwonyesha mwajiri. Soma pia kanuni za chuo chako, maana vipo vyuo ambavyo mwaka wa kwanza hauhesabiwi kwenye daraja la mwisho.

Kwenye CV, “niliwajibika na uhasibu” haisemi kitu. Kitendo, kitu, ukubwa: “nilipatanisha taarifa za benki za akaunti tatu kila mwezi”. Wadhamini waombe ruhusa kabla ya kuwataja, na wapelekee CV yako ili wasibahatishe watakapopigiwa.

Kisha kuna yale ambayo ofisi hazikukumbushi. Barua pepe ya chuo na hifadhi yake ya mtandaoni vinaweza kufungwa baada ya mahafali, pamoja na hojaji, data na matoleo yote ya utafiti wako. Hamisha mafaili na ubadilishe anwani kwenye kila akaunti uliyoifungua kwa barua hiyo. Makala za maktaba unazozihitaji zipakue ukiwa bado na nywila. Linganisha jina lako, herufi kwa herufi, kwenye rekodi ya matokeo, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho kabla cheti cha shahada hakijachapwa, kwa sababu kusahihisha kilichokwisha chapwa huchukua muda na ada. Omba zaidi ya nakala moja ya rekodi ya matokeo yenye muhuri, na ziache angalau mbili ndani ya bahasha bila kufunguliwa, kwani baadhi ya vyuo vya shahada ya pili havipokei iliyofunguliwa.