Dinari ya Tiberius: Sarafu ya Mwana

Mwezi uliopita rafiki yangu anayekusanya sarafu za kale aliniwekea kiganjani dinari ya Kaisari Tiberius wa Roma, kipande cha fedha chenye uzito usiofika gramu nne, nami nikaichunguza kwa lenzi mpaka macho yakaniuma.

Upande wa mbele una kichwa cha Kaisari kilichovikwa taji la majani, na utepe wake unaning'inia kisogoni. Nyundo iligonga pembeni kidogo, hivyo herufi za mwisho zimeishia nje ya ukingo, lakini maandishi ya Kilatini yanajulikana vizuri: "Tiberius Kaisari Augustus, mwana wa Augustus aliye mungu." Hapo ndipo niliposimama. Tiberius hakuzaliwa na Augustus, Kaisari aliyemtangulia. Baba yake mzazi alikuwa mume wa kwanza wa mama yake, Livia, na Augustus, aliyekuja kumwoa Livia, alimfanya mtoto wake wa kisheria mwaka 4 baada ya Kristo, alipokwisha kufiwa na wajukuu wawili aliotazamia wamrithi. Mtu aliyeshika dola mwaka 14, akiwa na umri wa miaka 54, alijitambulisha kwa raia wake kwa kumtaja baba, tena baba wa kupewa.

Dinari hizi ziligongwa Lugdunum, ambao leo ni mji wa Lyon nchini Ufaransa. Fedha yake ilikuwa karibu safi kabisa, na nyingi zimefukuliwa kusini mwa India, zilikofika kwa biashara ya pilipili manga na bidhaa nyingine za thamani.

Upande wa nyuma ndio ninaoupenda zaidi. Mwanamke ameketi kitini, mkono mmoja umeshika fimbo ndefu na mwingine tawi, na maneno yaliyomzunguka, "Kuhani Mkuu", ni cheo cha Kaisari, si jina la mwanamke huyo. Picha yenyewe ilikuwa imekwisha kutumika katika sarafu za mwisho za Augustus, kwa hiyo hata hiyo Tiberius aliirithi. Wataalamu wengi humwona kuwa Livia katika umbo la Amani, mungu wa kike wa Warumi, nami naafikiana nao kwa moyo wote, kwa kuwa baba ametajwa upande mmoja na mama ameketi upande wa pili. Katika dinari ile uso wake umelika kwa kupita mikononi mwa watu, ila mikunjo ya vazi lake magotini bado inahesabika.