Nilivyoipandisha maktaba yangu kutoka Python 3.9 hadi 3.10

Maktaba yangu ni msimbo wa Python ambao wengine huutumia ndani ya programu zao. Python 3.9 iliacha kupewa marekebisho ya usalama Oktoba 2025, nami sikuona sababu ya kuendelea kuibeba. Kwanza nilitoa toleo la mwisho la maktaba linalokubali 3.9, likiwa na marekebisho yote yaliyokuwa yanasubiri, maana wapo watakaokaa nalo muda mrefu.

Kisha nikabadilisha mstari mmoja tu ndani ya `pyproject.toml`, faili la maelezo ya maktaba: `requires-python = ">=3.10"`. Msimbo sikuugusa. Mstari huo ndio pip, programu ya kusakinisha maktaba za Python, inaousoma; mwenye 3.9 hupewa toleo lililotangulia, na kwake hakuna kinachoharibika. Ukiusahau halafu ukaandika `match`, sintaksia iliyoanza 3.10, kwenye msimbo, pip itamsakinishia toleo jipya na atapigwa na `SyntaxError` pale anapoliita. Kibaya zaidi, kutoa toleo jingine lenye mstari sahihi hakuponyi kitu: kwa mwenye 3.9, pip italiruka hilo na kurudi kwenye lile bovu, kwa kuwa bado linadai linamfaa. PyPI, hifadhi ya mtandaoni ambako pip huchukua maktaba, hairuhusu kubadilisha maelezo ya toleo lililokwisha kupakiwa, kwa hiyo lile bovu lazima ulifanyie `yank`, yaani kulitia alama ili pip isilichague tena.

Kikomo cha juu, kama `<3.14`, sikuweka. Ukikiweka, mwenye Python mpya kuliko hicho atashushiwa toleo la zamani lisilo na kikomo, kisha atakuletea malalamiko ya hitilafu ulizozimaliza kitambo.

Kwenye faili la YAML (faili la mipangilio) linaloendesha majaribio ya kiotomatiki, `3.10` iandikwe ndani ya alama za nukuu. Bila hizo husomwa kama namba, sifuri hudondoka, na mashine huanza kutafuta Python 3.1. Kama tawi kuu la msimbo linalindwa, yaani halipokei mabadiliko hadi majaribio ya lazima yapite, ondoa pia jaribio la 3.9 kwenye orodha ya yaliyo ya lazima; la sivyo kila ombi la mabadiliko litabaki linasubiri jibu lisilokuja.

Usafi wa msimbo niliutenga kwenye komiti yake (rekodi ya mabadiliko inayojitegemea). Zana ya `pyupgrade --py310-plus` hufanya sehemu kubwa, ila kinachobaki usikibadilishe kwa upofu: `Optional["Mteja"]` (yaani Mteja au `None`) ukiigeuza kwa mkono kuwa `"Mteja" | None` utapata `TypeError`, kwani huo ni mfuatano wa herufi ukijaribu kuungana na `None`. Nukuu zizunguke yote: `"Mteja | None"`. Na `tomli`, maktaba ya kusoma faili za TOML, usiifute bado; `tomllib`, mbadala wake uliomo ndani ya Python, imeanza 3.11.

Katika namba tatu za toleo la maktaba niliipandisha ya katikati, si ya kwanza, kwa kuwa hakuna kitendakazi cha maktaba kilichobadilika.