Soketi ghafi kwenye brauza? Mi sitaki

Kuna hoja haifi, eti mbona kurasa za wavuti zisiruhusiwe kufungua koneksheni za TCP (njia ya msingi ya kompyuta kutumiana data) moja kwa moja kama programu zingine, yaani zipewe soketi ghafi. Naelewa kinachowauma, mtu anataka kuunda klaienti ya SSH (ya kuingia na kuendesha kompyuta ya mbali) ndani ya brauza bila kuweka seva katikati. Ila hiyo koneksheni inaanzia wapi?

Inaanzia kwako ndani. Faiawoli ya ruta inamzuia wa nje, sawa, lakini ukurasa uliofungua we mwenyewe unakimbia kwenye mashine yako, kwa hiyo ukipewa soketi unaongea na 192.168.1.1 (ruta yenyewe, mara nyingi), na printa, na kamera, na ile databesi uliyoiacha bila paswedi kwenye localhost, yaani mashine yako hiyo hiyo, kwa vile "haionekani nje". Vitu hivyo vinamwamini yeyote anayetokea ndani.

Na hata bila soketi tayari panavuja. 2020 mtafiti wa usalama Samy Kamkar alionyesha shambulio la NAT Slipstreaming, ukurasa unatuma data poti 5060 ikiwa imepimwa vizuri ili kipande kimoja cha data kifanane na ujumbe wa SIP (lugha ya simu za intaneti), ruta inadhani kuna simu inapigwa, inakufungulia poti kwa watu wa nje. Brauza zikaziba poti hiyo. Na hapo ukurasa ulikuwa unalazimisha kupitia njia za kawaida za brauza kama HTTP, je ingekuwaje kama ungeweza kuandika baiti zozote unazotaka?

Ndo maana WebSocket, njia ya ukurasa kuweka koneksheni wazi na seva, ina masharti mengi. Wengi wanadhani ni TCP tupu, siyo, lazima seva ijibu kwanza kwa namna maalum, halafu kila kitu ambacho brauza inatuma kinavurugwa na ufunguo wa nasibu ili proksi (seva za kati) za njiani zisidanganyike. Inaudhi kuiandikia kodi, najua.

"Si tumuulize mtumiaji ruhusa?" Hapo nacheka. Mi mwenyewe hubonyeza ruhusu bila kusoma, na najifanya mjuaji. Utamwandikia nini mtu, "tovuti hii inataka kwenda 10.0.0.5 poti 445" (mashine ya ndani, poti ya kushirikiana mafaili)? Na akiruhusu jina badala ya namba, mwenye jina anageuza DNS (inayotafsiri jina kuwa namba), sasa hivi linaelekea kwenye seva yake, baada ya sekunde chache linaelekea kwenye ruta yako.

Chrome wao wameweka Direct Sockets, yaani soketi ghafi hizo hizo, ila kwa Isolated Web Apps tu, yaani app iliyofungashwa na kusainiwa, siyo kila ukurasa unaoupitia. Hiyo naweza kuivumilia.