Paa kwanza, ramani baadaye

Wiki mbili nzima nimekua nabishana na fundi juu ya paa la nyumba ninayojenga hapa Malindi. Mimi nilikuja na picha kwa simu, nyumba moja ya bara yenye paa la hipu, lile la kuteremka pande zote nne, limekatwa katwa pembe kila upande, nikaipenda sana. Fundi akaiangalia weeee, akanirudishia simu. "Dada, kila pale vipaa viwili vinapokutana kwa ndani ni bonde, na bonde ndilo huvuja. Hapa nahesabu sita. Ndoo unazo?"

Nilikasirika kidogo lakini alikua na haki.

Hipu ya kawaida haina ubaya, miteremko minne, upepo wa kusi ukija haukuti ukuta wa pembetatu wa kusukuma, na upenu unazunguka nyumba yote kwa hivyo kuta hazipigwi na mvua wala jua. Inaikalia vizuri nyumba iliyokaribia mraba. Shida ni mabati, unakata kwa mshazari mpaka vipande vya kutupa vinajaa uwanja na kila kipande umekilipia. Gebo ni miteremko miwili tu, bei nafuu, na kwa zile pembetatu za mwisho unaacha matundu joto linatoka. Nyumba ndefu nyembamba, gebo basi.

Na hiyo si akili mpya. Nyumba za udongo za wazee wetu zilikua na vipaa viwili vikubwa na visusi viwili vidogo, yaani ile miteremko ya kwenye miisho ya nyumba, na kile kisusi ncha yake inaingia chini ya kipaa, pale panabaki upenyo na moshi unapitia hapo. Nani alikua na feni?

Kwa bibi yangu Lamu, mtaa wa Mkomani, ni kitu kingine kabisa. Huko paa ni bapa, boriti za mikoko zimepangwa, juu yake mawe ya matumbawe na chokaa, zito ajabu ndio maana kuta ni nene hivyo. Mimi utotoni nilikua najiuliza mbona vyumba vya bibi ni virefu kaa treni na upana hakuna, kumbe boriti ya mkoko ikizidi kama mita 3 hivi haiwezi tena kubeba ule uzito, kwa hivyo aliyepima chumba ni mti wenyewe! Ukienda magofu ya Gedi hapa karibu utaona vyumba vyembamba vile vile. Maji ya mvua yanatolewa na milizamu inayochomoza ukutani, na ukipita uchochoroni wakati wa masika bila kuangalia juu, pole yako. Jiko nalo lilikua juu kabisa, moshi unajiendea zake.

Makuti je? Nayapenda wallahi, baridi yake hakuna bati litaiweza. Lakini yanataka mteremko mkali, yakilala maji yanakaa na yanaoza, na ni lazima uyabadilishe kila baada ya miaka kadhaa. Zile villa za Waitaliano hapa mjini zenye kumbi wazi zimefaana nayo sana. Mimi nyumba yangu imebanana na ya jirani anayepikia kuni, hapana, cheche moja tu na tumekwisha sote.

Halafu kuna hii fasheni ya kuficha bati nyuma ya ukuta ili nyumba ionekane bapa ya kisasa. Mnisamehe mlio nazo. Bati limelazwa, mfereji uko ndani, majani ya mwarobaini yakiziba siku moja ya mvua kubwa maji yanashukia sebuleni. Tena haina upenu, kwa jua hili la pwani!

Huko Ufaransa wana paa la mansadi, chini limesimama karibu kama ukuta na juu limelala, wanapata chumba kizima ndani ya paa. Bati la Malindi ukilala chini yake mwezi wa pili utatoka umeiva.

Kwa hivyo nimechukua gebo, upenu mrefu mbele nipate baraza, na bati geji 28, ambalo ni nene kuliko la 30, maana chumvi ya bahari hainaga huruma. Ramani nayo tumeifuta, chumba kimoja kimehama. Sasa fundi ataka rangi nyeupe nami nataka nyekundu, hatusemeshani tangu juzi.