Indeksi ipo, databesi inaipita kama haiioni

Jamani jana nimekesha hapa Shangani, feni inapuliza joto tu, kisa databesi ya mizani ya korosho. Safu ya wilaya nimeiwekea indeksi mwenyewe, yaani orodha ya kutafutia mistari haraka, naulizia mizigo ya Tandahimba, PostgreSQL (programu ya databesi yenyewe) inasoma jedwali zima mstari kwa mstari, nikaifuta nikaiweka upya, wapi. Kupiga EXPLAIN, amri ya kuonyesha njia itakayopitwa, na jina la Lindi, indeksi ikatumika fasta!!

Kumbe ile kitu inapiga hesabu ya gharama kwanza. Tandahimba kwenye data zangu ni zaidi ya nusu ya mistari yote, sasa kupitia indeksi maana yake kurukaruka kurasa za diski huku na huko, na kwa mipangilio inayokuja nayo ukurasa wa kurukia unahesabiwa 4, wa kusoma mfululizo 1. We kama nusu ya gunia ni mbovu utachomoa moja moja? Si unamwaga lote chini tu. Lindi nina mistari michache mno, hapo indeksi inalipa.

Ila na mimi nilichemka, nilipakia data za msimu mzima nikauliza hapohapo takwimu zake bado za zamani, na yenyewe inakisia kwa hizo hizo takwimu, haihesabu kweli. Nikapiga ANALYZE, amri ya kukusanya takwimu upya, makadirio yakakaa sawa. Seva yenyewe ina SSD, diski isiyo na shida ya kurukaruka, nimeshusha random_page_cost (ile 4 ya ukurasa wa kurukia) mpaka 1.1, jioni naijaribu tena umeme ukiwepo.